Una pikipiki ya vumbi? Hapa ndipo unapoweza kuiendesha Kenya bila kushikwa wala kufukuzwa

Jumamosi moja asubuhi, mimi na marafiki wawili tulitoka Kiserian kushuka Bonde la Ufa. Tulikuwa na ramani kwenye simu, njia ambayo mtu mwingine aliipita na kuihifadhi miaka miwili kabla. Kwenye skrini ilikuwa mstari mzuri mwembamba wa bluu, unapita katikati ya vichaka.

Mstari ulituongoza hadi kwenye uzio. Nguzo bado mpya, seng'enge haijashika kutu. Tulipogeuza, mbuzi wakatawanyika, na nyuma yao akatokea mzee na fimbo yake. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Vijana, nani amewaambia mpite hapa?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba radhi, tukazima injini, tukasaidia kukusanya mbuzi. Ndipo akatuambia kwamba wiki chache nyuma pikipiki kama zetu zilimgonga mbuzi wake na hazikusimama. Uzio ule ulikuja baada ya hapo.

Kama unatafuta mahali pa kuendesha pikipiki ya vumbi Kenya, zile za tairi za meno makubwa ambazo wengine huziita skrambla, swali la yule mzee ndilo la kuanza nalo. Uzuri wa njia utauliza baadaye. Kwanza jua ni nani amekuruhusu.

Huu hapa mwongozo mfupi.

Ardhi ni ya nani?

Katiba ya 2010 inagawa ardhi yote ya Kenya katika makundi matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Hakuna kundi la nne linaloitwa "porini tu". Hata pale ambapo huoni nyumba, uzio wala shamba, kuna mwenyewe.

Ardhi ya umma inasikika kama "yetu sote", na hapo ndipo wengi hukosea. Kundi hili lina barabara, lakini pia lina mbuga za kitaifa, misitu ya serikali, maziwa, mito na ile sehemu ya ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Kuwa ya umma hakumaanishi kila mtu anaweza kuingia na chombo chochote. Kila sehemu ina mtunzaji wake na masharti yake.

Ardhi ya jamii iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Jamii iliyosajiliwa huwa na kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15, waliochaguliwa na jamii yenyewe. Kamati hiyo ndiyo ya kuombwa ruhusa.

Ardhi ya binafsi ni rahisi kuelewa: ina mtu au kampuni yenye hati. Sheria ya uvamizi wa ardhi, Sura ya 294, inafanya kuwa kosa kuingia humo bila idhini na bila sababu ya maana. "Sikuona kibao" ni utetezi dhaifu.

Jambo la kukumbuka hasa ukiwa Kajiado: ranchi nyingi za vikundi, ambazo zamani zilikuwa uwanda mmoja mpana, zimegawanywa na kila familia kupewa kipande chake. Ndiyo maana njia iliyokuwa wazi miaka miwili iliyopita leo inaishia kwenye seng'enge. Ramani ya simu haijui hilo. Mwenyeji anajua.

Chaguo la kwanza: barabara za vumbi za umma

Hili ndilo jibu rahisi kuliko yote na watu wengi huliruka. Sehemu kubwa ya barabara za Kenya bado haina lami. Marram, mawe, mchanga, mito ya msimu, vyote viko kwenye barabara halali ambazo huhitaji kuomba mtu ruhusa.

Mfano mzuri ni barabara ya kutoka Laisamis kuelekea Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Sehemu yake ya zaidi ya kilomita 200 iliboreshwa ili malori yabebe mitambo ya umeme wa upepo hadi Sarima, karibu na Ziwa Turkana. Ni changarawe, upepo ni mkali, na ni barabara ya umma.

Ila sharti ni hili: ukiwa kwenye barabara, wewe ni dereva kama dereva mwingine. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haijali kama kuna lami au vumbi. Tena maana yake ya "barabara" ni pana, inaingiza hata njia nyingine ambazo gari linaweza kupita na umma unazitumia. Kwa hiyo unahitaji:

- Pikipiki iliyosajiliwa na yenye nambari
- Leseni ya pikipiki
- Bima, angalau ya mtu wa tatu
- Helmeti na jaketi yenye viakisi mwanga
- Abiria mmoja tu, naye avae hivyo hivyo

Hapa ndipo pikipiki za mashindano hukwama. Nyingi hutoka kiwandani bila taa, bila vioo na bila mahali pa kuweka nambari. Ukiipitisha barabarani, hata kwa kilomita mbili kutoka nyumbani hadi uwanjani, umevunja sheria. Wanaojua hufunga pikipiki kwenye pikapu au trela, wakashusha wakifika.

Ukiwa bado hujanunua na unataka kuzunguka nchi, nunua ile iliyo tayari kwa barabara na vumbi pamoja, yenye taa na nambari. Nyepesi ya mashindano ni tamu, lakini itakufunga uwanjani.

Chaguo la pili: kiwanja cha motokrosi

Kama unataka kuruka matuta na kwenda mbio bila kuogopa ng'ombe kuvuka, mahali pako ni kiwanjani. Nairobi, Jamhuri Park imekuwa nyumbani kwa mashindano ya motokrosi kwa miaka mingi. Mchezo wenyewe husimamiwa kitaifa chini ya shirikisho la michezo ya magari, KMSF, na vilabu vilivyo chini yake.

Usifike tu na pikipiki yako siku yoyote ukidhani geti liko wazi. Anza kwa kwenda siku ya mashindano kama mtazamaji. Zungumza na wazazi na mafundi walio pembeni. Uliza klabu gani inaandaa mazoezi, siku gani, ada ni ngapi na vifaa gani ni vya lazima. Saa moja ya maongezi pale itakuokolea miezi ya kubahatisha.

Faida nyingine ya kiwanja ni watoto. Motokrosi ina madaraja ya watoto kuanzia injini ya 50cc, kisha 65cc na 85cc. Mtoto hana leseni ya barabarani, kwa hiyo kiwanja, au shamba la mtu aliyekubali, ndiyo nafasi yake halali. Kumwachia mtoto pikipiki kwenye barabara ya mtaani eti "ni hapa hapa tu" ni hatari kwake na kwa wengine, na kesi ni yako mzazi.

Walio karibu na Uganda wana bahati pia. Garuga, upande wa Entebbe, na Busiika, kaskazini mwa Kampala, ni majina yanayojulikana sana kwa motokrosi. Ukivuka mpaka na pikipiki, beba kitabu cha umiliki, bima inayotambuliwa ng'ambo, na upitie forodha kama kawaida. Njia za panya zitakupotezea pikipiki.

Chaguo la tatu: ardhi ya jamii iliyofungua milango

Hizi ndizo safari ambazo watu husimulia mwaka mzima. Pia ndizo zinazoharibika haraka tabia ikiwa mbaya.

*Suswa.* Mlima wa volkano katika Bonde la Ufa, wenye kreta mbili moja ndani ya nyingine na mapango yaliyotokana na lava. Unaufikia ukipitia barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Jamii ya Wamaasai wa hapo inaendesha hifadhi yao wenyewe. Unalipa kiingilio, unaonyeshwa njia, na unaweza kupata mwongozaji. Njia ya kupanda ni mawe na vumbi laini kama unga. Usiiache ukitafuta "shoti kati", kwa sababu watu wanaishi na kuchunga mle mle.

*Magadi.* Lami inakufikisha karibu na ziwa, umbali wa takriban kilomita 110 kutoka Nairobi, ukipita Olorgesailie palipo na shoka za mawe za kale. Ukifika, kumbuka mji wa Magadi umejengwa kuzunguka kiwanda cha magadi, kwa hiyo fuata maelekezo ya kwenye kizuizi. Ziwa lenyewe usilikanyage. Ule uso mweupe unaonekana mgumu kama saruji, lakini chini kuna tope la chumvi linalomeza gurudumu. Upande wa Shompole na Nguruman ni ardhi ya jamii, na huko utaombwa ada. Joto ni kali. Mchana wa saa saba si muda wa kuanza safari.

*Chalbi.* Jangwa la Marsabit, kati ya Maikona, Kalacha na North Horr. Tangu barabara ya Isiolo hadi Moyale iwekwe lami, kufika Marsabit ni rahisi kuliko zamani. Baada ya hapo ni wewe na upepo. Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka bahari ya tope, na aliyekwama huko anaweza kukaa siku nzima bila kuona gari. Usiende peke yako. Pita kituo cha polisi kabla ya kutoka mjini, uliza hali ya usalama wa njia ya siku hiyo, na uwaachie jina na mwelekeo wako.

Ukilipa ada popote, omba risiti au lipa kwa nambari rasmi ya M-Pesa ya kikundi. Si kwa sababu watu ni wezi. Risiti ndiyo ushahidi wako ukikutana na kijana mwingine wa doria kilomita kumi mbele, na ndiyo njia ya pesa kufika kwenye shule na maji badala ya mfuko wa mtu mmoja.

Mahali usipoingia

*Mbuga za wanyama.* Kwa kawaida pikipiki haziruhusiwi kuingia kwenye mbuga zenye wanyama hatari, na sababu iko wazi: huna mlango wa kufunga simba au nyati akija. Watu hutaja Hell's Gate, Naivasha, kwa kuwa inaruhusu kutembea na kuendesha baiskeli. Baiskeli si pikipiki. Kama una shaka, uliza KWS kabla ya kutoka nyumbani, si ukiwa langoni na tanki nusu.

*Misitu ya serikali.* Iko chini ya KFS na Sheria ya Misitu ya 2016. Karura ina njia nyingi za kupendeza, lakini ni za watembeaji, wakimbiaji na baiskeli. Msitu mwingine wowote, nenda kwa ofisi ya msitu wa eneo hilo upate jibu kwa maandishi. Barabara ya umma inayokatiza msitu ni sawa kuipita. Kuiacha na kuingia kati ya miti ni habari nyingine.

*Ufuo wa bahari.* Mchanga mgumu wa maji kupwa unavutia, najua. Lakini kasa hutaga mayai ufuoni, Watamu ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na mayai hayo hufukiwa mchangani ambapo huyaoni. Kuna pia watoto wanaocheza, wavuvi na vyombo vyao. Acha ufuo.

*Mabonde ya mito na vyanzo vya maji.* Video zenye maji yakiruka pande zote hupata "likes" nyingi. Lakini mtu wa chini anachota maji hayo hayo kupika. Vuka pale penye kivuko, polepole, kisha endelea.

Shamba la mtu: namna ya kuomba

Labda rafiki ana ekari ishirini Machakos au Laikipia na anasema "njoo tu". Poa, lakini fanya mambo matatu.

Kwanza, hakikisha anayekuruhusu ndiye mwenye haki. Mlinzi au binamu si mwenye shamba. Kama mnataka kukodisha kipande na kutengeneza njia ya kudumu, mwombeni nambari ya hati na mfanye upekuzi kwenye masjala ya ardhi, au kwenye jukwaa la Ardhisasa kwa maeneo yaliyoingizwa humo.

Pili, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, pikipiki ngapi, sehemu gani ya shamba, saa ngapi hadi saa ngapi, na nani analipa kikiharibika kitu. Hata ujumbe wa simu unaosema hayo ni bora kuliko maneno matupu.

Tatu, wafikirie majirani. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, na injini ya mashindano inasikika mbali. Epuka asubuhi mapema, saa za ibada na siku ya mazishi kijijini. Ukisikia kuna msiba jirani, zima, rudi siku nyingine.

Unapotafuta njia mpya

1. Angalia picha za setilaiti kwenye simu. Tafuta nyumba, maboma, uzio na njia za mifugo.
2. Piga simu au mtembelee chifu wa eneo. Ofisi yake inajua ardhi ni ya binafsi au ya jamii, na nani ni mwenyekiti wa kamati.
3. Kunywa chai kwenye kibanda cha mwisho kabla ya njia kuanza. Vijana wa boda boda wanajua ni wapi pamefungwa, wapi mto umebomoa na wapi kuna fujo.
4. Mara ya kwanza pita polepole, bila kundi, ikiwezekana na mwenyeji amekaa nyuma yako.
5. Usipakie njia hiyo mtandaoni bila kuwauliza wenyewe. Waendeshaji watatu jamii inaweza kuwavumilia. Hamsini wakija wikendi moja, utakuta lango limefungwa.

Tabia inayofungua au kufunga njia

Ukiona mifugo, punguza mwendo mapema. Wakianza kukimbia, zima injini uwaache wapite. Mbuzi mmoja aliyevunjika mguu ni karo ya mtoto wa mtu.

Ukigonga mnyama, simama. Mtafute mwenyewe, mkubaliane, lipa. Aliyekimbia huwa ameokoa elfu chache, na wote wanaokuja nyuma yake ndio wanaokuta njia imefungwa.

Msalimie kila mzee unayempita. Inua mkono, toa helmeti ukisimama. Mtu akikuona uso, anaona mtu. Akiona kioo cheusi na vumbi, anaona fujo.

Funga kila lango ulilolikuta limefungwa. Baki kwenye mstari mmoja. Usipanue njia kwa kukwepa dimbwi. Na baada ya mvua kubwa, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ule udongo mweusi unaonata uache upumzike. Mtaro wa tairi ukikauka utavunja ekseli ya matatu ya kijiji.

Kabla ya kuwasha injini

Hifadhi picha ya skrini ya orodha hii:

- Najua ardhi ni ya nani, na nina ruhusa yake au niko kwenye barabara ya umma
- Pikipiki ina nambari na bima, au imebebwa hadi uwanjani
- Nimesoma bima yangu. Nyingi za kawaida hazilipi ajali ya mashindano
- Helmeti, buti, glavu, kinga za kifua na magoti
- Maji ya kutosha, vifaa vya kuziba panja, kisanduku cha huduma ya kwanza
- Hatuko chini ya wawili, na kuna mtu nyumbani anayejua njia na saa ya kurudi
- Najua hospitali iliyo karibu na njia
- Nambari za dharura: 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu

Kuhusu yule mzee wa mbuzi: tulirudi mwezi uliofuata, safari hii tukipitia kwa chifu. Chifu akampigia simu mtoto wa mzee. Tulikubaliana ada ndogo kwa kila pikipiki, na mtoto wake akatutangulia kwa boda boda yake hadi upande wa pili wa shamba. Kuna njia huko inayozunguka kilima, haimo kwenye ramani yoyote, na ni nzuri kuliko ule mstari wa bluu.

Sitakuambia iko wapi. Mzee alituomba tusiseme, nasi tulikubali.